Kabla Hujauza Dhahabu Kununua Betri ya Gari

Juzi dada mmoja wa Chake Chake kaniandikia. Prius yake ya zamani imewaka taa, na gereji aliyoiendea imemwambia aipakie melini aje nayo Unguja kubadilisha betri kubwa. Anauliza auze dhahabu zake au auze gari. Ujumbe ule nimeusoma mara tatu roho ikiniuma, maana yamenikuta hayo hayo.

Sisi wenye biashara ndogo gari ya haibridi kama Prius, ile yenye injini ya petroli na mota ya umeme inayolishwa na betri kubwa, twaipendea kuwa hailI mafuta mengi. Mimi kila alfajiri natoka Fuoni na mikate ya kumimina na visheti, napeleka hoteli za Paje. Prius yangu ya 2007 nimeinunua kwa fedha za mikate hiyo hiyo, na sikumkopa mtu.

Taa ya pembetatu nyekundu iliniwakia Jozani, kwenye matuta pale wanapovuka kima punju. Gari ikawa nzito, feni ya nyuma ikavuma kama jiko la pampu. Mikate ilifika, alhamdulillahi, lakini mimi nilikuwa nimelowa jasho.

Nikaipeleka gereji kubwa, ile yenye vigae na kiyoyozi. Wakachomeka kompyuta, nikalipa shilingi 80,000, nikaambiwa betri kubwa imekufa: mpya pamoja na ufundi, milioni 6 na laki 4. Nikauliza, imekufa yote au sehemu yake? Yule bwana wa kaunta hata hakuniinulia uso. "Mama, haya mambo mazito. Mwambie baba watoto aje tuzungumze naye." Baba watoto ni baharia, siku hiyo alikuwa safarini. Gari ni yangu, na kadi ina jina langu. Sikumjibu. Nililia ndani ya gari, pale pale uani kwao, na mpaka leo nikipita barabara ile natazama upande wa pili.

Ndugu yangu ndiye aliyenielekeza kwa kijana mmoja fundi, Mwanakwerekwe, naye akaniambia: "Shangazi, usinunue kitu. Kwanza tuifungue tuione." Akavaa glavu nene za umeme, akachomoa plagi ya rangi ya chungwa, tukakaa dakika kumi umeme uliobaki upungue. Hapo ndipo nilipojua kuwa betri ya Prius ya kizazi cha pili si kitu kimoja. Ni vibetri 28 vimepangwa kama vitabu, kila kimoja volti 7.2, vyote pamoja volti 201.6. Akavipima kimoja kimoja, mimi naandika kwenye daftari langu la oda. Ishirini na sita vilikuwa vizima. Viwili vilisoma chini ya volti 7. Viwili tu! Na vile vibati vya shaba vinavyoviunganisha vilikuwa vimeota kutu ya kijani, kwa hewa yetu hii ya chumvi. Akavisugua kwa msasa mpaka vikarudi rangi yake.

Kisha akaitoa feni ya kupoza betri. Tundu lake la hewa liko pembeni mwa siti ya nyuma, na mimi miaka miwili nikipanga masinia pale pale, yakaliziba. Mabawa yake yalikuwa yameganda vumbi na unga, kijivu kama sufi chafu. Betri ilikuwa ikiungua kwa joto kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini hao wa vigae, waliolipwa kuitazama, hawakuifungua hiyo feni.

Vile viwili vibovu akavibadilisha, nikalipa laki 5 na elfu 60. Miezi kumi baadaye kikafa kibetri kingine, maana betri ni ya zamani na sitaki kumdanganya mtu, nikakibadilisha kwa laki na nusu. Leo hii gari iko barabarani.

Basi dada zangu, kompyuta ikitoa namba P0A80, maana yake mtambo umeona betri ya haibridi ni ya kubadilishwa. Haisemi ni vibetri vingapi vibovu. Dai wakuandikie namba hiyo kwenye karatasi. Dai kipimo cha kila kibetri. Wakikataa, chukua ufunguo wako uondoke. Na ile betri ndogo ya volti 12 iliyo kwenye buti ipimwe kwanza, kwani ikichoka gari huwasha taa za kila namna, na bei yake si ya kuuzia dhahabu. Lakini kubwa usiifungue mwenyewe, volti 200 zinaua.

Na ukiambiwa kamlete mumeo, uliza tena, kwa sauti. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma kuliko zile 80,000. Fedha ni zako, umezipata kwa moto wa jiko, una haki ya kujua zinakwenda wapi. Nasema tena, dai kipimo.

Dada wa Chake, usilipie meli bado. Toa kila kilichoegemea siti ya nyuma, ulitafute hilo tundu la feni, umulike kwa tochi ya simu, kisha niandikie umekuta nini.