Mimba ya Kwanza Nililala, ya Pili Nilitembea

Juzi msomaji mmoja mwenye mimba ya miezi mitano aliniuliza kama ni kweli kwamba mjamzito akinyanyua mikono kuanika nguo, kitovu humzonga mtoto shingoni. Wifi yake ndiye aliyemwambia hivyo, na tangu siku hiyo ameacha hata matembezi yake ya jioni. Si kweli, dada yangu. Kitovu humzunguka mtoto kwa sababu mtoto mwenyewe hujigeuza ndani ya maji ya uzazi. Mikono ya mama haihusiki.

Nayajua maneno hayo kwa sababu niliambiwa mimi pia, mwaka 2016, nikayatii. Mama mkwe wangu, ambaye nampenda, alininyang'anya ufagio, akanipakulia chakula cha watu wawili na kunisisitiza nilale. Mwezi wa saba nilikutwa na kisukari cha mimba, na hatimaye nikajifungua kwa upasuaji mtoto wa kilo 4.3. Sidai kwamba kulala peke yake ndiko kulikoniletea hayo. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba katika mahudhurio yangu yote ya kliniki nilipimwa uzito, presha na wingi wa damu, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, lakini hakuna aliyenitajia mazoezi hata mara moja, nami sikujua kwamba ni jambo la kuuliza. Kisha ulipoingia mwezi wa tisa, wale wale walionikataza kusogea wakaniamuru nideki nikiwa nimeinama na nitembee mpaka nichoke, ati njia ifunguke. Mwili uliolazwa miezi minane utapata wapi pumzi ya kazi hiyo?

Mimba ya pili, mwaka 2019, niliuliza. Mkunga aliipitia kadi yangu, akaangalia presha, damu na mahali lilipokaa kondo la nyuma, akaniruhusu. Nilikuwa nikitoka Chumbageni, mjini Tanga, alfajiri na kutembea kuelekea Raskazone, dakika 30, siku tano kwa wiki, kwa mwendo ambao niliweza kuzungumza lakini nisingeweza kuimba. Majirani walisema nataka kuitoa mimba, na maneno yale yaliniliza. Lakini sukari haikurudi, na binti yangu alizaliwa kwa njia ya kawaida akiwa na kilo 3.2. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaowashauri wajawazito wasio na kizuizi cha kitabibu wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, nami nilipopiga hesabu nikakuta ndizo zile zile nilizokuwa nikitembea.

Wanawake wenzangu, wengi wetu tunasema kazi za nyumbani zinatosha. Zinahesabika, kweli, lakini ndoo ya lita 20 kichwani huuchosha mgongo bila kukupa ile pumzi ya kutembea mwendo wa haraka. Tusiendelee kuamini kwamba mazoezi ni ya wenye fedha na viwanja vyao. Ulizeni kliniki, na msiondoke bila jibu.

Wapo wanaokatazwa kwa haki: mwenye kondo lililoziba mlango wa kizazi, mwenye dalili za kifafa cha mimba, aliyepungukiwa sana damu, anayetokwa na damu, au aliyeshonwa mlango wa kizazi. Na hata aliyeruhusiwa, akiona damu au maji yanavuja, akipata kizunguzungu, maumivu ya kifua, kichwa kikali au uvimbe wenye maumivu kwenye shavu la mguu, aache papo hapo na aende hospitali.

Wewe uliyeniandikia, anika nguo zako. Ukishapata ruhusa ya mkunga, rudi kwenye matembezi yako ya jioni, na umwombe wifi yako akusindikize.