Pumba za Msalato

Mhariri,

Mlipouliza wiki hii kwa nini vitu viwili vyenye uzito sawa hupishana mkononi, kimoja kikawa chepesi na kingine kizito, nilitaka kujibu kwa sentensi moja tu: mkono haufai kuwa mizani, na anayeutegemea atamwonea mtu. Nimeandika zaidi ya sentensi moja kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kumwonea mtu kwa mkono wangu.

Nilikuwa darasa la tano. Jumamosi moja, katika mnada wa Msalato, Dodoma, mama alinunua vitu viwili vya mifugo kwa mfanyabiashara mwenye mizani ya kuning'iniza: kilo 10 za chumvi ya mawe na kilo 10 za pumba za mahindi. Anayezijua pumba anajua kwamba kilo kumi zake ni salfeti iliyotuna mpaka shingoni, ilhali chumvi ya uzito huo hukaa chini kabisa ya kiroba. Mama alimpa mdogo wangu salfeti, nami akanipa kiroba. Nilikinyanyua, nikakirudisha chini. Kisha nikajaribu mzigo wa mdogo wangu, ukaja juu kama mto wa kulalia. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba pumba zimepunguzwa, na mnadani neno la mtoto anayesema "tumepunjwa" husikika mbali kuliko kengele ya shule.

Yule baba hakukasirika. Aliitundika salfeti mbele ya watu, mshale ukasimama kwenye kumi. Akakitundika kiroba, ukasimama pale pale. Wazee wawili waliokuwa wakingoja zamu yao wakasogea, wakanyanyua mzigo mmoja kisha mwingine, na mmoja wao akatamka kwamba mtoto anasema kweli. Mama mmoja mwenye kuku naye akajaribu, akatikisa kichwa. Mfanyabiashara akaomba twende kupima kwa jirani yake. Mizani ya jirani ikasema kumi na kumi, na badala ya jambo kuisha, mtu nyuma yangu akasema hao wote lao moja. Hapo nilimwona mfanyabiashara akiishiwa maneno. Akachukua kopo, akachota pumba mara mbili, akamimina juu ya zetu bila kutazama mtu, na waliokuwa wakingoja wakaenda kununua kwingine. Mama alizipokea zile pumba. Tulikwenda nazo nyumbani Veyula, na mimi nilitembea njia nzima nikiwa na fahari.

Nilikuwa nimeshaanza kufundisha nilipopata maelezo ya jambo lile. Mwaka 1891 daktari Mfaransa, Augustin Charpentier, alieleza kwamba vitu viwili vya uzito mmoja vikipishana ukubwa, kile kidogo huonekana kizito zaidi. Kwa muda mrefu wengi walieleza hivi: jicho likiona kitu kikubwa, mwili hujiandaa kwa nguvu nyingi, hivyo kitu hupanda kwa wepesi kuliko ilivyotarajiwa, nasi tukakiita chepesi. Maelezo hayo ni mazuri, nami nimeyafundisha darasani, lakini hayatoshi. Mwaka 2000 watafiti Randall Flanagan na Michael Beltzner walipima nguvu za vidole vya watu waliokuwa wakiinua vitu viwili vya namna hiyo kwa zamu. Baada ya kurudia mara kadhaa, vidole vilijifunza uzito wa kweli na kutumia nguvu ile ile kwa vyote viwili. Hata hivyo watu waliendelea kusema kwamba kile kidogo ni kizito. Hata asiyeona, akivishika vitu hivyo kwa mikono yake, hupata hisia hiyo hiyo. Nyumbani nimepima chumvi na pumba kilo mbili mbili, kwa mizani niliyoinunua mwenyewe, na mpaka leo chumvi hunilemea zaidi.

Hapo ndipo sentensi yangu ya kwanza inaponishinda kidogo. Wale wazee wa mnadani hawakusema uongo, na mimi sikusema uongo. Kila mmoja wetu alieleza kwa uaminifu alichokihisi, na kwa uaminifu huo huo tukamharibia mtu siku yake. Tena mkono si mpumbavu. Mjerumani Ernst Heinrich Weber aliandika mwaka 1834 kwamba mtu akilinganisha mizigo kwa kuiinua, anaweza kutambua tofauti ndogo ya takriban sehemu moja katika 40. Akina mama wa soko la Majengo wanaonyanyua matikiti mawili ya ukubwa mmoja na kukuchagulia lililo zito hawabahatishi, na mimi huwaamini bila kuomba mizani. Mkono hukwama pale ukubwa unapopishana, kwa kuwa kinachotufikia hakiwi uzito peke yake. Ni uzito uliochanganyika na kile ambacho umbo la kitu limetuahidi.

Kwa hiyo jibu langu limelegea, ingawa si kwa kila jambo. Mahali penye fedha na jina la mtu, mizani isimame juu ya mkono, hata kama mikono ni mitano na mizani ni moja. Yule baba alistahili kulipwa makopo yake mawili ya pumba, na nilipokuwa na uwezo wa kuyalipa sikumkuta tena Msalato. Lakini kuhusu nani abebe nini, ningali upande wa mtoto yule. Nusu ya njia mdogo wangu alikubali tubadilishane, na hakufika mbali kabla ya kulalamika kwamba chumvi inamchoma utosini. Huo ulikuwa mgandamizo wa mzigo mdogo juu ya ngata ndogo, jambo tofauti na lile la mkononi, wala mizani ya Msalato haikuwa na namna ya kulipima. Mama alituambia sote wawili tuache kudeka. Nadhani angetuachia tupokezane mpaka Veyula.