Daftari la Klabu: Kwa Wanaoanza Masomo ya Udaktari Uganda

Wanafunzi wapya wanaporipoti katika vyuo vya udaktari vya Uganda, kuanzia Makerere, ambako mafunzo haya yalianza mwaka 1924, hadi Mbarara, Gulu, Mbale na Ishaka, ambako vyuo ni vichanga zaidi, huwakuta wenzao wa miaka ya juu wakiwasubiri na karatasi za kujiandikisha. Kuna klabu ya upasuaji, klabu ya magonjwa ya watoto, klabu ya afya ya akili, kikundi cha utafiti, kikundi cha kuchangia damu na vingine vingi. Mimi nilijiandikisha katika sita kwa asubuhi moja, na kufikia Krismasi nilikuwa sihudhurii hata kimoja. Sasa nimemaliza miaka mitano ya darasani na wodini, nimo katika mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini, na ninawaandikia ninyi mnaoanza ili msipoteze muda nilioupoteza mimi.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: jiunge na klabu moja, au mbili ukizidi sana, kisha katika mkutano wa kwanza omba kazi ya ukatibu au ya usaidizi wa katibu. Wengi hukimbilia kuwa wajumbe wa upasuaji kwa kutumaini kwamba wataingia chumba cha upasuaji mapema, lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye bado anajifunza majina ya mifupa hana cha kufanya humo zaidi ya kusimama pembeni. Lakini kuandika kumbukumbu unaweza leo. Tena wewe ndiye mwenye nafasi, kwa maana wenzako wakishafika mwaka wa tatu na kuanza zamu za wodi, hata mkutano wa nusu saa huwa mzigo kwao.

Nimeshuhudia klabu mbili zikifa, na hakuna hata moja iliyokufa kwa ugomvi au kwa kukosa wanachama. Zote zilikufia katika makabidhiano. Viongozi wa klabu zetu huwa ni wa mwaka wa nne, wanaotarajiwa kukabidhi madaraka mwishoni mwa mwaka wa masomo, yaani wakati uleule wa mitihani, ambapo hakuna anayejali kitu kingine chochote. Katika mojawapo, fedha zote, shilingi 640,000 za ada na michango, zilikuwa katika akaunti ya simu ya mweka hazina. Alimaliza masomo, akahamia wilaya nyingine, akabadilisha laini, na hakuna aliyewahi kuandika mahali popote kwamba fedha hizo zilikuwapo. Alikuwa mtu mwaminifu, na tulipompata baada ya miezi saba alizirudisha zote, lakini wakati huo wanachama walikuwa wamekwisha kutawanyika na mlezi wetu, mhadhiri aliyekubali kutusimamia, alikuwa amepewa wanafunzi wengine. Kwa hiyo ulizeni mapema: fedha ziko wapi, nani wawili wanaidhinisha matumizi, na mlezi ni nani. Klabu isiyoweza kujibu maswali hayo inahitaji katibu kuliko inavyohitaji mwanachama wa arobaini.

Kazi iliyonifundisha zaidi thamani ya daftari la klabu, lile ambalo katibu huandikia kumbukumbu, ni kuchangia damu. Benki za damu za kanda, kama vile Nakasero, Mbarara, Mbale, Gulu, Arua, Fort Portal na Kitovu, hutegemea kwa kiasi kikubwa wanafunzi wa sekondari na vyuo, na ndiyo sababu damu hupungua shule zinapofungwa. Tulilijua jambo hili kwa maneno tu. Kwa miaka miwili mfululizo klabu yetu iliandaa siku yake ya damu mwanzoni mwa Novemba, kwa sababu tarehe hizo zilitufaa sisi, na kila mara tulipongezwa kwa wingi wa chupa zilizopatikana. Mwaka wa tatu mtaalamu mmoja wa benki ya damu alituketisha chini akatufanyia hesabu. Seli nyekundu zikihifadhiwa katika jokofu kwa utaratibu wa kawaida hudumu siku 35, hivyo damu iliyotolewa tarehe 5 Novemba inafikia mwisho wake tarehe 10 Desemba. Shule hufungwa karibu na wakati huohuo, ajali za barabarani za sikukuu zinaanza, watoto wenye malaria kali wanaendelea kuletwa wakiwa wameishiwa damu, na chupa zetu zote ama zimetumika ama zimetupwa.

Tangu hapo tulihamishia siku yetu wiki ya pili ya Desemba, wanafunzi wakiwa bado chuoni kwa mitihani, na tukaongeza siku nyingine mwezi wa Januari katika soko na katika msikiti na kanisa vya karibu. Idadi ya chupa ilipungua, maana mwanafunzi aliye katikati ya mitihani hashawishiki kwa urahisi. Hata hivyo nawaambia kwa moyo wote kwamba chupa chache za Desemba zina uzito kuliko nyingi za Novemba, na nimeliona hilo kwa macho yangu mwaka huu katika wodi ya watoto. Jambo la pili tulilojifunza ni kwamba mwanamume hushauriwa kungoja miezi mitatu kabla ya kuchangia tena na mwanamke miezi minne, kwa hiyo daftari lenye majina na tarehe linakuonyesha nani wa kumpigia simu na lini. Bila daftari hilo, kila mwaka mnaanza kutafuta watu upya kana kwamba hakuna aliyewahi kujitolea.

Kuhusu safari za vijijini, ambazo ndizo zinazowavutia wapya wengi, nina mambo ambayo ningependa yasikilizwe kwa makini. Katika safari yangu ya kwanza tulipima presha watu wengi kwa siku moja chini ya mwembe. Mzee mmoja alikuwa na 190 kwa 110, presha ya hatari. Tulimwambia aende hospitali, akatushukuru, tukamwita mtu aliyefuata. Tuliporudi kijiji kilekile mwaka uliofuata, alikuja tena kwenye foleni, presha yake ikiwa vilevile, na mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea kwa kiharusi. Hakuwa amekwenda popote, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ni hospitali ipi, siku gani kliniki ya presha inafunguliwa, wala hatukumpa karatasi yoyote. Sikuweza kumtazama usoni. Kumpima mtu bila kumpa njia ya kufika kwenye matibabu ni kumwachia hofu, na kisha kumwacha nayo peke yake.

Kwa hiyo kabla ya safari, katibu aende kwanza kwenye kituo cha afya cha daraja la tatu au la nne kinachohudumia eneo hilo, azungumze na msimamizi, aulize dawa gani zipo na kliniki za magonjwa sugu ni siku zipi, na apate jina la mhudumu wa afya wa kijiji. Wahudumu hawa, ambao Serikali ilianza kuwaunda katika timu tangu mwaka 2001, ndio watakaobaki baada ya basi letu kuondoka, nao ndio wanaojua nyumba ya nani iko wapi. Kila aliyeonekana na tatizo apewe karatasi ya rufaa, jina lake liandikwe daftarini kwa ruhusa yake, na nakala ibaki kwa mhudumu huyo. Baada ya mwezi mmoja piga simu uulize wangapi walifika. Safari ya watu hamsini waliofuatiliwa ni bora kuliko ya mia tatu waliopigwa picha. Na kwa habari ya picha, mgonjwa asipigwe bila idhini yake, hata kama bango la klabu litabaki tupu.

Mahali penyewe pachague mada, si bango la chuo kingine. Utafiti wa kitaifa wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi huuita sikoseli, uliofanywa mwaka 2014 na 2015 kwa sampuli za damu za watoto wachanga, ulikuta kwamba asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa wamebeba kinasaba chake. Lakini wastani huo unaficha tofauti kubwa, kwa sababu kusini-magharibi kiwango ni cha chini sana ukilinganisha na baadhi ya wilaya za mashariki na kaskazini. Klabu iliyoko Mbale au Gulu ina sababu ya kuweka selimundu mbele ya kila kitu, ilhali iliyoko Ishaka, kusini-magharibi, pengine itafaa zaidi ikianza na presha.

Nitoe neno kwa wale wanaozungumza Kiswahili, wawe wametoka Kenya, Tanzania, Kongo au, kama mimi, Arua. Vijijini magharibi mwa Uganda utahitaji mwenzako anayejua Kinyankore, na usione haya kumwomba. Lakini katika makambi ya polisi na ya jeshi, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi kwa vizazi, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako Wakongo ni wengi, wewe ndiwe utakayetegemewa. Jifunze mapema namna ya kumweleza mama kwa Kiswahili safi jinsi ya kumeza dawa, maana masomo yetu yote ni ya Kiingereza na utashangaa jinsi maneno yanavyokukimbia.

Mazoezi ya mikono hayahitaji maneno mengi. Klabu ya upasuaji ikikupa sindano, uzi na mguu wa ng'ombe ulionunuliwa kwa muuza molokoni (kwato za ng'ombe), shona kila wiki, na ukikosa mguu tumia ganda la ndizi. Usikubali tu kufanya kwa mgonjwa jambo ambalo hujasimamiwa kulifanya, hata anayekuruhusu akiwa ni mwanafunzi unayemheshimu.

Kikundi cha kusoma makala za kitaalamu kinastahili nafasi kubwa kuliko kinayopewa. Watu hudhani ni cha miaka ya juu, nami nilidhani hivyo, hadi tuliposoma pamoja jinsi Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, alivyofikia maelezo yake ya mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto 38. Alimwona mtoto mmoja Mulago, kisha mwingine Jinja mwenye uvimbe uleule, akarudi kwenye kumbukumbu za hospitali na kukuta wengine waliokuwa wameandikwa humo bila mtu kuwaunganisha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaelewa hadithi hiyo vizuri kabisa. Makala nyingi mtazipata bila malipo kupitia Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, mradi chuo chenu kiwe kimesajiliwa. Muulizeni mkutubi awape nenosiri. Makala moja kwa wiki mbili inatosha, na katibu aandike nusu ukurasa kuhusu kilichobishaniwa.

Hatimaye makabidhiano. Yapangeni mwezi wa Machi, si Mei, na viongozi wapya wafanye kazi bega kwa bega na wa zamani kwa angalau mkutano mmoja na shughuli moja. Siku hiyo daftari lisomwe mbele ya mlezi: salio la fedha na laini ya simu inayozishika, orodha ya wachangiaji damu na tarehe zao, namba za vituo vya afya na za wahudumu wa vijiji, majina ya wagonjwa ambao bado hatujapata habari zao, na jambo moja ambalo lilitushinda mwaka huo pamoja na sababu yake. Majina ya wagonjwa yakae katika daftari la pekee linalofungiwa kabatini kwa mlezi, wala yasitumwe katika kundi la simu. Tulipokabidhi letu, ukurasa wa wasiojulikana ulikuwa na majina tisa, na la kwanza lilikuwa la yule mzee. Katibu mpya, msichana wa mwaka wa kwanza, alimpigia mhudumu wa kijiji kabla ya mkutano kufungwa.