Leah Purcell, mwigizaji na mwandishi
Uliyeuliza kama yupo mwigizaji wa Kiaborijini (wenyeji wa asili wa Australia) anayeandika kazi zake mwenyewe: mtafute Leah Purcell, mzaliwa wa Murgon, jimbo la Queensland, Australia, mwaka 1970. Waliotazama tamthilia ya televisheni ya Wentworth wanamjua kama Rita Connors. Lakini mimi kinachonigusa ni The Drover's Wife (Mke wa Mswaga Ng'ombe), hadithi fupi ya mwandishi wa Australia Henry Lawson ya 1892, ambayo Purcell alikuwa akisomewa na mama yake utotoni. Lawson hakumpa jina yule mke wa mswaga ng'ombe; Purcell akaisimulia upya, akamwita Molly Johnson, na Waaborijini waliokuwa pembezoni akawaleta katikati. Simulizi yake hiyo ilianza jukwaani Sydney 2016, ikaja riwaya, kisha filamu ya 2021 aliyoiandika, akaiongoza na kuigiza mwenyewe. Anza na hiyo filamu.