Kabla Hujachagua Mada ya Tasnifu, Fuata Utafiti Mmoja Hadi Ulikoanzia

Mada ya tasnifu yangu ya uzamili niliipata Kawangware, mtaa wa Nairobi, nikiwa nimepanga foleni ya maziwa ya kupima. Nilimwona mama akichota kutoka kwenye mtungi wa plastiki, nikajiuliza maziwa yale yana bakteria kiasi gani. Swali lilinipendeza, nikalikimbilia. Nikaandika pendekezo, nikapita kwa kamati ya maadili, nikapata kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, nikaanza kuzunguka vibandani na kisanduku cha barafu begani.

Mwezi wa nane, rafiki yangu aliyekuwa akisomea utabibu wa mifugo Kabete, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliniambia nipite maktaba yao. Mimi nilisoma chuo kingine hapa mjini, na sikuwahi kufikiria kwamba rafu za jirani zinanihusu. Nikakuta tasnifu ya miaka mingi, jalada limefifia, imeuliza swali langu karibu neno kwa neno. Kilichoniuma zaidi ni sura ya mwisho. Mwandishi alikuwa ameacha maswali matatu ambayo hakuweza kuyajibu, na katika miezi yangu minane sikuwa nimegusa hata moja.

Tangu siku hiyo, mwanafunzi akinijia kuhusu mada namwambia hivi: chagua jambo moja lililogunduliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ulifuate kinyumenyume hadi siku lilipoanza. Usijishughulishe na chuo ni cha ngapi duniani wala kimechapisha makala mangapi. Hesabu hizo hazitakuonyesha jinsi swali moja linavyozaa jingine, na hilo ndilo unalohitaji sasa.

Mimi nilifuata tohara ya hiari ya wanaume, ile ambayo serikali ilianza kuitoa mwaka 2008 ili kupunguza maambukizi ya VVU. Nilidhani ni wazo lililoletwa na wafadhili. Nikarudi nyuma hatua moja, nikafika Kisumu, ambako watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi, Illinois (Marekani) na Manitoba (Kanada) waliandikisha vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24. Nusu walitahiriwa mara moja, nusu wakasubiri. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikuwa limeshaonekana: kwa waliotahiriwa, hatari ya kuambukizwa ilipungua kwa asilimia 53. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara hiyo kwa nchi zenye maambukizi mengi.

Lakini nani aliwaza kupima jambo hilo? Rudi nyuma tena hadi 1989. Watafiti waliokuwa wakiwafuatilia wanaume katika kliniki ya magonjwa ya zinaa hapa Nairobi walichapisha kwamba wasiotahiriwa, na wale wenye vidonda sehemu za siri, waliambukizwa VVU kwa urahisi zaidi. Na katika kliniki hiyo walikuwa wakifanya nini? Mwaka 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba walikuwa wameungana kuchunguza vidonda vya zinaa. Vidonda tu. Ukimwi wenyewe ulikuwa haujapewa hata jina.

Kutoka kidonda hadi sera ya taifa ni miaka 28. Nilipoiona safari hiyo nzima, niliacha kutaka tasnifu yangu imalize kila kitu. Nilianza kutafuta mahali pa kuongeza hatua moja tu.

Ushirikiano huohuo ulifika Majengo, Pumwani, na hapo naomba usipite haraka. Katikati ya miaka ya 1980 wanawake waliofanya biashara ya ngono mtaani humo walipimwa, na takriban thuluthi mbili walikuwa tayari wana VVU. Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi kwa taaluma, aliwakutanisha katika mabaraza, wakazungumza kuhusu kondomu na afya zao kwa lugha yao. Wanawake hao waliendelea kuja kliniki mwaka baada ya mwaka, na kwa sababu hiyo ikaonekana kwamba wachache miongoni mwao hawaambukizwi ingawa wanakutana na virusi kila mara. Damu zao zikawapa wanasayansi wazo la chanjo. Mwaka 2001 majaribio ya kwanza ya chanjo ya VVU nchini yakaanza, yakiendeshwa na KAVI, kituo cha utafiti wa chanjo ya Ukimwi cha Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford. Chanjo ile haikuamsha kinga ya kutosha. Soma na hiyo pia. Mwanafunzi anayesoma mafanikio peke yake huogopa matokeo yake mwenyewe yakija tofauti na alivyotarajia, na nimeshawaona wakitamani kuyaficha.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda, mfupi. Wangari Maathai alipata uzamifu wake Nairobi mwaka 1971 katika anatomia ya mifugo. Baadaye akaenda mashambani kukusanya kupe kwa ajili ya utafiti wa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe. Alieleza kwamba huko ndiko alikoona mito imejaa udongo na ng'ombe wamekonda kwa kukosa malisho. Aliondoka Nairobi na swali la kupe, akarudi na swali la miti. Basi ukiwa nyanjani inua macho, yaandike na yale ambayo hojaji yako haikuuliza.

Kuhusu njia yenyewe: hazina ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko wazi mtandaoni, tasnifu ni nyingi mno, na huhitaji kuwa mwanafunzi wao kuzisoma. Za zamani utazifuata kwenye karatasi, ukiwa na barua kutoka chuoni kwako. Anza na sura ya mwisho, kwenye mapendekezo ya utafiti zaidi. Kisha soma mbinu. Kisha shukrani, ndiyo, shukrani, maana hapo utajua ni mitaa gani ilifungua milango na ni nani anastahili kurudishiwa majibu.

Hilo la kurudisha majibu nililijifunza kwa aibu. Nilichukua swali moja kati ya yale matatu, la mitungi na namna inavyooshwa, nikarudi Kawangware kuanza upya. Mama yule wa foleni akanitazama, akaniuliza, "Mwanangu, mlikuja mkachukua maziwa yangu. Mliona nini ndani?" Sikuwa na la kumjibu. Wengine walishamchukulia sampuli kabla yangu, na hakuna aliyerudi.

Kwa hiyo nilipomaliza, kabla hata ya kupeleka nakala maktabani, niliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, maandishi makubwa, bila jedwali. Nikampelekea asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Aliusoma pole pole na binti yake, akarudia mahali palipoandikwa kwamba uchafu hubaki pale brashi isipofika. Wakati huo kijana wa bodaboda akaingia na maziwa ya siku hiyo. Mama akauchukua mtungi mmoja uliokwisha, akautia mkono. Vidole viliingia, kiganja kikakwama shingoni.

"Wewe," akamwambia yule kijana, "huku ndani huwa unaosha na nini?"