Mota ya kushoto haitaki rivasi

Dogo, kwa hiyo roboti yenu ya mashindano mota ya kulia iko poa, ya kushoto inaenda mbele tu, na mnataka kuagiza spidi kontrola mpya, kile kifaa kinachoamua mota izunguke upande gani na kwa kasi gani. Msikimbilie dukani. Chomoeni betri, badilishaneni waya za mota kwenye zile kontrola mbili, inueni roboti matairi yaelee hewani ndo mjaribu. Ugonjwa ukihamia mota ya kulia basi mota zenu ni nzima, rudisheni, sasa badilishaneni zile waya nyembamba za signali (zinazoleta amri kwenye kontrola) peke yake, ukihama tena tatizo ni programu au waya, ukigoma kuhama ni kontrola yenyewe. Hapo fanyeni kalibresheni kwanza, yaani kuifundisha kontrola senta yake upya: kwa kawaida kusimama ni palsi (mpigo mfupi wa umeme wa amri) ya milisekunde 1.5, rivasi inashuka kuelekea 1, ikipotea hiyo senta mambo yanakuwa hivyo hivyo. Bado? Huenda transista moja ya pawa ndani ya kontrola imeungua, inueni kontrola na muinuse, mara nyingi harufu haifichiki. Mimi hapa Arusha niliua kontrola moja kizembe kabisa, nilitoboa fremu juu yake bila kuifunika, unyuzi wa alumini kama unywele ukalala katikati ya plasi na mainasi, ikapiga shoti.