Muulize Shangazi wa Kizota: Redio ya mzee, saa ya zamani na kibuyu cha bibi

Shangazi, shikamoo. Baba alifariki mwaka juzi akaniachia redio yake ya National, ile yenye koti la ngozi lenye vitundu. Mlango wa betri ulishapotea, amefunga kwa raba ya tairi la baiskeli. Nimeipeleka kwa fundi hapa mjini, anasema atoe vya ndani vyote, aweke sehemu ya flashi na memori kadi, na gamba jipya juu. Mke wangu anasema ni takataka inayojaza kabati la vyombo. Nifanyeje? — Msomaji, Mpwapwa

Marahaba mwanangu, na poleni kwa mzee.

Fundi simlaumu, anatafuta ugali wake. Ila akitoa vya ndani na gamba akabadilisha, cha baba kitakachobaki hapo ni kipi? Redio za flashi zimejaa madukani. Nunua moja uweke kwaya zako, ya mzee iache ilivyo.

Kuiacha ilivyo sina maana ya kuisahau kabatini. Nenda kaifungue nyuma sasa hivi, gazeti utaliendeleza ukirudi. Wengi mkirithi redio mnairithi na betri zake, mnaziacha humo zinavuja taratibu, zinakula vile vyuma vya springi. Ukikuta unga mweupe au kijani, toa betri, sugua vyuma kwa msasa laini, pangusa kwa kitambaa kikavu, kisha weka betri mpya. Sauti ikikwaruza unapoiongeza, hilo ni vumbi letu hili la kiangazi limeingia. Zungusha kitufe mbele na nyuma, mara nyingi tu, mara nyingi inatulia.

Halafu usiiwashe saa sita mchana ukasikia inakoroma ukaniandikia kwamba imekufa. Redio nyingi za umri huo zinashika masafa ya kati na masafa mafupi tu, na stesheni zetu za siku hizi nyingi ziko FM. Subiri giza liingie. Mchana kuna tabaka la anga linalomeza mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama tabaka hilo linafifia, mawimbi yanapanda juu zaidi, yanagonga na kurudi chini mbali sana. Unaweza kuinasa stesheni ya nchi nyingine, ukasikia mtu anasoma habari kwa lugha usiyoijua.

Na ukiwasha, igeuzegeuze. Unakumbuka wazee walivyokuwa wanaizungusha redio juu ya meza, wakiipata taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam wanatunyooshea kidole kwamba asiiguse mtu? Hayakuwa mazoea tu. Ndani mna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba, hicho ndicho antena ya masafa ya kati, na kinasikia vizuri kwa ubavu kuliko kwa ncha. Ile ndefu ya kuvuta ni ya masafa mafupi, na FM kama ipo.

Mkeo naye ana haki yake, kabati la vyombo ni la vyombo. Piga msumari sebuleni uitundike kwa mkanda wake wa ngozi. Raba usiitoe. Mlango wa betri fundi yeyote anaweza kukuchongea, lakini ile raba baba yako aliikata mwenyewe, akaipima, akaifunga. Ikianza kukatika, funga nyingine juu yake.

Shangazi, nina saa niliyopewa na mchumba wa zamani. Naipenda kwa kuwa haijawahi kunidanganya muda. Mume wangu anadhani niliinunua. Niendelee kuivaa? — Msomaji, Dodoma Mjini

Iuze. Na ukishaiuza usije kuniambia bei.

Shikamoo Shangazi. Kibuyu cha maziwa cha marehemu bibi nilikitoa kijijini nikakiweka juu ya friji kama pambo. Kimepasuka toka mdomoni hadi tumboni. Nitie supa glu? — Msomaji, Kondoa

Marahaba. Supa glu hapana, hasa kama unataka kukitumia tena, na natumaini unataka. Kibuyu kilichozoea maziwa ukikianika juu ya friji kwenye ukavu wetu huu wa Julai unategemea nini?

Kikishonwa kinapona, bibi zetu walishona vibuyu miaka yote. Kiloweke usiku kucha kilainike, maana ukikitoboa kikavu ufa utakimbia. Pasha msumari mwembamba kwenye mkaa, toboa vitundu vikitazamana pande zote mbili za ufa, shona kwa uzi wa katani, kaza kidogokidogo. Kikikauka, yeyushia nta ya nyuki juu ya mshono, ndani na nje. Nta waulize wauza asali. Kama kijijini kwenu yupo mama anayejua kushona, mpelekee yeye, mkono wake ni mwepesi kuliko wako.

Ukimaliza, mgando weka. Uji wa moto usithubutu, nta itayeyuka.